Mashine namba nne aliyoiacha kaka

Saa mbili kasorobo asubuhi, Ungatea Vaipulu anasimama mbele ya mlango wa chumba cha seva akiwa na ufunguo mkononi, lakini hafungui. Anasikiliza kwanza. Kisha anatikisa kichwa, kama mtu aliyejikamata akifanya upuuzi, na anaingia.

Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na mvumo wa feni usiokoma. Amevaa gauni jeusi, na juu yake mkeka wa msiba wa Kitonga uliofungwa kiunoni kwa kamba ya usumba. Anaweka daftari la shule mezani, anavaa miwani, anakaa.

"Nne kwanza," anasema, ingawa yuko peke yake.

Akishaipima mashine namba nne na zile nyingine tano, anatuma picha 410 tupu kwenye hifadhi ya hospitali na kubonyeza saa. Zinamaliza kuandikwa kwa dakika moja na sekunde ishirini na nane. Anaandika tarehe na muda, anapiga mstari, na ndipo anapokwenda kutafuta chai.

Daftari hilo lina kurasa nyingine, za Mei hadi Septemba mwaka huu, ambazo hapendi kuzifungua. Mwandishi wa makala haya alipoomba kuziona, alilisogeza mezani.

"Tazama tu," alisema. "Kosa langu liko humo, tena kwa mwandiko mzuri."

Ungatea ana umri wa miaka 43 na ni mtunza hifadhi ya picha katika hospitali moja ya kanisa hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Analipwa pa'anga 1,900 kwa mwezi kwa kazi ambayo watu wake wenyewe hawajui kuieleza. Mama yake huwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza kompyuta, na matokeo yake kila Jumamosi analetewa simu zilizopasuka vioo.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akipigwa picha, hapa mjini au kwenye kituo cha hospitali hiyo kule visiwani Vava'u, picha hugawanywa vipande sita, na kila kipande huhifadhiwa kwenye mashine yake. Mashine ziko sita. Mbili zikifa siku moja, nne zilizobaki zinaweza kuirudisha picha nzima, na mgonjwa hatajua kilichotokea.

Lakini kuandika si kama kusoma. Picha haihesabiwi kuwa imehifadhiwa mpaka mashine zote sita zijibu kwamba zimepokea, na kabla ya hapo daktari haioni.

"Ni kama karamu ya kanisani," anaeleza Ungatea. "Nguruwe ameiva, viazi vikuu vimeiva, watu wamekaa. Lakini mchungaji hajafika, basi hakuna anayegusa chakula. Anachelewa mtu mmoja, tunakaa na njaa sote."

Mwezi Mei hifadhi ilianza kuchelewa. Picha za zamani zilifunguka vizuri tu. Ni mpya zilizokuwa zikisuasua kuingia. Kufikia mwisho wa Julai, kila picha ilikuwa inasubiri sekunde sita. Kwa picha ya kidole kilichovunjika, sekunde sita si kitu. Ila kichwa cha mtu hupigwa picha 410, kimoja hichohicho, kama mkate unaokatwa slesi. Sekunde sita mara 410 ni dakika arobaini na moja.

Tarehe 19 Agosti kichwa hicho kilikuwa cha Kalolaine Hakeai.

Kalolaine, mwenye umri wa miaka 58, ni msusi wa mikeka kutoka kijiji cha mbali kule Vava'u. Alianguka saa kumi na mbili asubuhi akitoa baharini majani ya mkadi aliyoyaloweka. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda. Wanawe walimpakia kwenye boti, kisha kwenye lori, wakamfikisha kituoni. Picha zilipigwa saa nne kasoro dakika tano.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mtu aanguke. Kabla ya hapo ni lazima picha ithibitishe kwamba kichwani hakuvuji damu, maana kukiwa kunavuja, dawa hiyohiyo inaua. Kituo cha Vava'u hakina daktari wa kusoma picha za kichwa. Yuko mmoja, Daktari Kalisi Taufa, na anakaa Nuku'alofa.

Daktari Kalisi alikaa mbele ya skrini tupu. Muuguzi wa Vava'u akapiga picha ya skrini yao kwa simu na kumtumia.

"Niliona ukungu," anasema daktari. "Kwa ukungu simchomi mtu dawa ile. Nikampigia Ungatea, nikamfokea. Nikamwambia, wewe mwanamke, kuna mtu anaisha huku mimi natazama kiduara kinazunguka! Akanijibu, 'Inaingia, daktari, inaingia.' Na kweli ilikuwa inaingia. Hilo ndilo lililoniuma."

Picha ya mwisho iliingia saa nne na dakika thelathini na sita. Muda wa dawa ulikuwa umepita kwa dakika sita. Kichwani hakukuwa kukivuja damu. Dawa ingefaa.

Kalolaine aliishi. Mkono wake wa kulia, uliosuka mikeka kwa miaka arobaini, haujafunguka tangu siku ile.

Wakubwa wa hospitali walisema ni mtandao. Wakubwa siku zote husema ni mtandao, kwa sababu mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Aliyetumwa kuuchunguza ni fundi Uaisele Moala, bonge la mtu, asiyeweza kumaliza dakika tano bila kumtania mwenzake.

"Nilipima kila waya, nikabadilisha mpaka nyaya zisizo na kosa," anasema Uaisele. "Nikabaki kumsingizia dada huyu. Nikamwambia, mkeka wako unapukutika nyuzi humu ndani, siku moja utakuta feni nazo zimefunga mkeka wa msiba."

Ungatea hakucheka, lakini alikwenda kutazama feni. Hazikuwa na kitu. Alifuta mafaili ya zamani ili kupata nafasi, akarudisha programu ya toleo lililopita, akaahirisha kazi zote zinazoweza kusubiri. Hali ikabaki ileile. Ukurasa wa uangalizi ulimwonyesha taa sita za kijani kila alipoufungua. Ukurasa huo unajua mashine iliyo hai na iliyokufa. Iliyo hai lakini inajikokota, haujui kuitofautisha.

Katikati ya Septemba mkurugenzi alichoka. Alitangaza kwamba bodi itakaa Jumatatu ya mwisho wa mwezi saa tatu asubuhi, na hifadhi isipopona itazimwa. Wagonjwa wa Vava'u warudi kuletwa mjini kwa ndege au kwa meli, kama zamani. Meli huchukua karibu siku nzima, na Jumapili ndege hairuki. Kila mtu katika ofisi ile alijua maana yake kwa mtu aliyepinda mdomo.

Ijumaa kabla ya bodi, Uaisele alikuwa amekaa akisubiri chai yake ipoe, akipekuapekua daftari la Ungatea.

"Bosi, hii nne mbona haina namba?"

"Imeandikwa sawa."

"Naona 'sawa'. Moja ina namba. Mbili, tatu, tano, sita, zote zina namba. Nne ni 'sawa', 'sawa', 'sawa', tangu Mei. Umeipima?"

Ungatea aligeukia skrini yake.

"Dada Ungatea, nakuuliza. Umeipima?"

"Ile ni ya marehemu," alisema.

Uaisele alirudisha daftari mezani polepole.

Msomaji aliyelelewa Tonga ameshaelewa. Kaka na dada wakishakua hawalali chini ya paa moja, hawataniani, na hakuna anayegusa vitu vya mwenzake. Ni heshima, na watu huishika hata wakiwa na vyeti vya chuo kikuu. Siosifa Vaipulu, kaka yake Ungatea, alikuwa fundi katika hospitali hiyohiyo. Fedha zilipofikia mashine tano tu, yeye aliunda ile ya sita, inayokaa nafasi ya nne, kwa vipuri vya mashine zilizostaafu. Aliitunza peke yake, kwa nywila yake, na maonyo yake yote yalikwenda kwenye barua pepe yake.

Kwa miaka sita kaka na dada hao walijenga hifadhi pamoja bila kukaa chumba kimoja. Waliandikiana barua fupi zenye adabu, na yasiyoandikika yalipitia kwa Uaisele. Siosifa alipotaka kuingia chumba cha seva alikohoa akiwa bado ukumbini. Dada yake akisikia, alikusanya daftari na kutoka kwa mlango wa pili. Ndicho kikohozi anachokisikiliza mlangoni mpaka leo.

Siosifa alifariki Aprili, kwa moyo, akiwa na miaka 47.

"Alipokuwa hai sikuigusa mashine yake," anasema Ungatea. "Sasa amekufa, ndiyo nimpekue? Nilijiambia taa ni ya kijani, basi ni sawa. Alikuwa fundi kuliko mimi." Anavua miwani na kuifuta kwa pindo la gauni. "Lakini sitakudanganya. Wiki za mwisho nilijua. Nikifika nne, mkono unaandika 'sawa' wenyewe, na macho yanatazama pembeni."

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mjane wa kaka yake, Meliame, ambaye ni mwalimu wa darasa la pili. Hakuingia sebuleni, ambako kiti cha Siosifa bado kipo. Alikaa barazani, akamweleza yote, huku Meliame akimenya magimbi ya Jumapili.

"Kwa hiyo unataka nifungue mimi hizo barua," alisema Meliame.

"Wewe ni mkewe, wifi. Mimi siwezi."

"Kompyuta yake ina vumbi la miezi mitano. Mimi mwenyewe nimeiogopa." Meliame aliweka kisu chini, akanawa mikono. "Lakini yeye ametangulia, na wagonjwa bado wapo. Ngoja niilete."

Kulikuwa na barua 148 kutoka mashine namba nne ambazo hazijafunguliwa, moja kwa kila siku. Meliame alizisoma kwa sauti, ile sauti anayowasomea watoto, bila kuelewa kilichomo.

"'Onyo. Betri ya akiba imechoka.' Tarehe mbili Mei. Na tarehe tatu, hivyohivyo. Hapa tarehe tisa imebadilika: 'Onyo. Betri ya akiba imekufa. Mashine inaandika polepole.' Inayofuata ni hiyohiyo. Na hii hiyohiyo. Wifi, niendelee?"

"Soma ya tarehe kumi na tisa Agosti."

Meliame alitafuta kwa kidole. "'Onyo,'" alisoma. "'Betri ya akiba imekufa. Mashine inaandika polepole.'"

Ungatea aliinamisha uso juu ya magoti na kulia. Anasema hakuwa amelia hivyo hata kwenye mazishi.

Betri yenyewe haizidi kiberiti. Ndani ya kila mashine kuna kadi inayopokea kipande cha picha, kukishika kwenye kumbukumbu yake ya haraka, na kujibu "nimepata" wakati diski bado inaandika taratibu. Betri huilinda kumbukumbu hiyo umeme ukikatika. Ikifa, kadi haithubutu tena kujibu mapema. Inasubiri diski imalize, kila kipande, kila mara. Mashine inabaki hai na taa inabaki ya kijani, na zile tano nzima zinaisubiri.

Ni Meliame aliyeendelea kusoma. Chini ya barua 148 alikuta nyingine, za Machi, ambazo mumewe alikuwa amezifungua. Siosifa alikuwa ameona onyo la kwanza, kabla hayajaanza kuja kila siku, na wiki mbili kabla ya kufa alikuwa ameagiza betri mbili kutoka duka moja la Auckland. Katikati ya yale maonyo yasiyofunguliwa ilijificha pia taarifa ya duka hilo, ya Juni: mzigo umefika bandarini.

"Aliagiza," alisema Meliame. "Wifi, inua kichwa. Aliagiza. Mzigo uko bandarini."

Ghala la mizigo hufungwa saa sita mchana Jumamosi. Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Karani alitazama karatasi na kusema mwenye mzigo aje mwenyewe kusaini.

"Mwenye mzigo yuko makaburini," Meliame alimwambia, "na wewe ulikuja kwenye mazishi yake ukala nguruwe wetu sahani mbili. Nipe kalamu."

Akapewa kalamu.

Saa tisa alasiri walikuwa chumba cha seva. Uaisele alinyoosha mkono kuchukua bisibisi. "Niachie mimi, wewe elekeza tu," alisema.

"Hapana. Aliyeandika 'sawa' ni mkono huu."

Ungatea alisimama mbele ya mashine namba nne. Kabla ya kuigusa, alikohoa. Uaisele anasema alilazimika kugeuka ukutani. Kisha Ungatea akafungua kifuniko, akaitoa betri iliyovimba, akaweka mpya, akafunga.

Betri mpya huhitaji saa kadhaa kujaa kabla kadi haijaiamini. Wakaondoka. Jumapili hapa hakuna anayefanya kazi, kwa hiyo Ungatea alikaa kanisani ibada mbili bila kujua kama imepona. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na angeweza kutazama.

"Wiki hiyo nilikuwa nimeshavunja mwiko mmoja," anasema. "Nikasema wa pili niuache."

Jumatatu saa mbili kasorobo alipima. Kwenye daftari, chini ya nne, ipo namba ya kwanza baada ya kurasa nyingi za "sawa". Chini yake ameandika muda wa picha 410: dakika moja na sekunde thelathini na moja. Bodi ilikaa saa tatu na kuahirisha shauri la kuzima. Sasa maonyo ya kila mashine yanakwenda kwa watu watatu, na mfanyakazi akiondoka au akifa, barua zake za kazi zinafunguliwa na mwingine wiki hiyohiyo, hata kama ni kaka wa nani.

Ungatea alimwuliza mkurugenzi ni nani atakayemweleza Kalolaine. Mkurugenzi alisema mama yule ameshapata nafuu, ya nini kuamsha mambo. Ungatea akaomba likizo ya siku nne, akakata tiketi ya meli. Aliomba pia makala haya yasichapishwe kabla hajarudi.

Ndiyo maana Jumatano, saa nne asubuhi, amekaa sakafuni karibu na mlango wa nyumba ya Kalolaine Hakeai, kichwa ameinamisha, mzizi wa kava, zawadi ya kuombea radhi, mbele yake. Desturi inataka msemaji wa kuomba kwa niaba yake. Amemkataa msemaji. Hakuvaa mkeka wake wa kila siku, bali mkeka mzee wa bibi yake, mpana, uliochakaa, unaomfika kifuani.

"Kwenye msiba wa kaka nilivaa mkeka mzuri," alisema njiani, "kwa sababu kwetu dada ni mkubwa kwa kaka. Huu ni wa aliye chini."

Anaeleza yote, hata 'sawa', hata tarehe. Hamtaji kaka yake kwa lawama. Kalolaine yuko kitini, mkono wa kulia umelala mapajani. Wanawe wawili wamesimama nyuma yake.

"Dakika sita?" anauliza mkubwa wao.

"Sita."

"Kwa sababu hukutaka kugusa kitu cha kaka yako?"

"Ndiyo."

Mwana huyo anatoka nje na kuuacha mlango wazi.

"Mkeka huo kausuka nani?" anauliza Kalolaine hatimaye. Maneno yanamtoka kwa taabu, moja moja.

"Bibi yangu, mama."

"Alikuwa mvivu. Pindo lote linafumuka." Anapumzika. "Sogea hapa."

Ungatea anasogea kwa magoti mpaka kwenye kiti. Kalolaine anashika ukingo wa mkeka kwa mkono wa kushoto na kuanza kurudisha nyuzi ndani. Uzi wa kwanza unamponyoka, mara mbili. Mara ya tatu unakaa. Anautafuta wa pili. Ungatea amepiga magoti bila kutikisika, machozi yanadondokea mkekani, na hakuna anayemharakisha mama yule.

Zinapita nyuzi nne, labda tano.

"Pindo hili haliishi leo," anasema Kalolaine. "Mkono huu bado mwanafunzi. Utarudi mwezi ujao na mkeka wako."

"Nitarudi, mama. Kila mwezi, mpaka liishe."

"Sasa chukua hiyo kava, mpelekee mwanangu huko nje." Anamwachia pindo. "Mwenyewe. Usimtume mtu."